Magari ya Italia: akili iko chini ya kapo zetu, jina haliko barabarani



Leo tuzungumze juu ya kitu ambacho karibu kila mtu anakipanda, lakini wachache wanajua kilianzia wapi. Simama kwenye barabara yoyote ya Bukavu, Goma ao Lubumbashi, uhesabu magari yanayopita. Utahesabu Toyota mpaka uchoke. Fiat utaiona mara moja moja. Lancia na Alfa Romeo, labda kwenye filme. Njo maana mtu anaweza kusema: Waitalia wanajua Ferrari ya matajiri na mpira wa miguu, basi, mambo ya gari la raia waachie Wajapani.

Lakini fungua kapo ya ile Vitz ao IST ya taksi. Angalia moteri: imekaa ya kukingama, kutoka upande wa gurudumu moja kuelekea lingine, na bwate ya vitesi imeungwa kwenye ncha yake. Mpangilio huo ulitoka Torino, Italia ya kaskazini, katika miaka ya 1960. Nenda kwenye gari la kisasa la mazutu, lile ambalo fundi hawezi kulitengeneza bila ordinatere: namna mazutu inavyosukumwa ndani ya moteri ilikomazwa na Waitalia pia. Na wazee wanaokumbuka Peugeot 404 na 504, zile gari zilizobeba watu, mihogo na mbuzi Afrika nzima, wajue kwamba kalamu iliyochora umbo lake ilikuwa ya nyumba moja ya Torino, Pininfarina.

Swali njo hili: inawezekanaje akili ya nchi moja ienee dunia nzima, halafu jina lake na feza vibaki kwingine? Sisi wenye diplome swali hili linatuhusu. Jibu liko ndani ya historia yao, na historia hiyo inaanza na mji uliofiwa na kazi.

1. Mji uliopoteza serikali

Italia kama nchi moja ilizaliwa mwaka wa 1861, na mji mkuu wake wa kwanza ulikuwa Torino. Miaka minne tu baadaye, 1865, serikali ikahamia Firenze, kisha Roma. Fikiria mji unaoishi kwa feza ya mfalme, ya wabunge na ya maafisa wa jeshi, halafu wote wanafunga mizigo na kwenda. Nini kilibaki? Vilibaki viwanda vya silaha vya jeshi, mafundi wa chuma, watengenezaji wa mikokoteni ya farasi, na shule ya mainjeniere iliyofunguliwa 1859, ile iliyokuja kuwa Politecnico di Torino. Pia kulikuwa na mito inayoshuka kutoka milima ya Alpi, iliyowezesha umeme wa maji. Italia haina mafuta ya kutosha wala makaa ya mawe ya kutosha. Ilikuwa na maji, mikono na shule.

Hapo njo Fiat ilizaliwa, tarehe 11 Julai 1899. Jina lenyewe ni herufi za kwanza za maneno yenye maana ya Kiwanda cha Magari cha Italia, Torino. Kati ya waanzilishi alikuwamo Giovanni Agnelli, afisa wa zamani wa jeshi la farasi. Hawa walikuwa watu wenye feza na majina makubwa. Gari wenyewe hawakuwa wanajua kulitengeneza.

Walifanya nini? Mjini kulikuwa tayari na nyumba ndogo ya Giovanni Battista Ceirano, iliyotengeneza baiskeli na gari dogo linaloitwa Welleyes, lililochorwa na injeniere Aristide Faccioli. Fiat ikainunua nyumba hiyo pamoja na mchoro wake, na watu wake wakaja pia: Faccioli mwenyewe, na vijana wawili, Vincenzo Lancia na Felice Nazzaro, ambao baadaye walikuwa mashoferi wakubwa wa mashindano. Shikeni hili vizuri, tutalirudilia chini: nyumba kubwa ya Italia ilianza kwa kununua ujuzi wa nyumba ndogo.

2. Ujuzi unaotembea kwa miguu

Jambo la pili la kuelewa ni kwamba nyumba hizi zilikuwa jirani. Mtu alikuwa anaweza kuacha kazi hapa asubuhi na kuanza pale jioni, akibeba yote yaliyo kichwani mwake.

Vincenzo Lancia aliondoka Fiat akaanzisha nyumba yake mwaka wa 1906 pamoja na Claudio Fogolin. Mwaka wa 1922 akaonyesha Lambda. Wakati ule gari lilikuwa shasi ya chuma kama ngazi iliyolazwa chini, na juu yake wanaweka sanduku la mbao ao la tole. Lancia akasema hapana: karoseri yenyewe iwe ndiyo mifupa. Gari likawa chini zaidi, jepesi zaidi, gumu zaidi kwenye kona. Tena kila gurudumu la mbele lilikuwa na springi yake, halimsumbui mwenzake. Lambda ni moja ya magari ya kwanza duniani kuuzwa likiwa limejengwa hivyo. Leo fundi akikuambia kwamba Vitz haina shasi kama Land Cruiser, anazungumzia njia ambayo Lancia aliifungua.

Milano, kilomita zaidi ya 100 kutoka Torino, kampuni ya ALFA ilianza 1910 ndani ya kiwanda cha Darracq, Wafaransa walioshindwa kuuza magari yao Italia. Mwaka wa 1915 injeniere Nicola Romeo akaichukua, na kutoka hapo jina likawa Alfa Romeo. Mwaka wa 1923 Alfa ikamchukua Vittorio Jano kutoka Fiat. Aliyesaidia kumshawishi ni kijana mmoja wa Modena, Enzo Ferrari. Mwaka wa 1925 gari la Jano, Alfa P2, likashinda ubingwa wa kwanza wa dunia wa watengenezaji. Baadaye Jano akaenda Lancia. Na Ferrari, aliyekuwa anapeleka magari ya Alfa kwenye mashindano tangu 1929, akajitenga, akahamisha karakana yake Maranello wakati wa vita, na mwaka wa 1947 likatoka gari la kwanza lenye jina lake, 125 S. Injini yake ya silinda 12 ilichorwa na Gioachino Colombo, naye mtu wa Alfa.

Mnaona mnyororo? Ceirano, Fiat, Lancia, Alfa, Ferrari. Hakuna hata mmoja aliyeanza na mikono mitupu. Mtu aliyefukuzwa ao aliyekasirika hakukimbilia nje ya nchi, alivuka barabara tu.

3. Mwenye diplome na mwenye nyundo

Kati ya wote hawa, mtu wa kumsoma vizuri ni Dante Giacosa. Alizaliwa 1905, akamaliza masomo ya injeniere Politecnico di Torino mwaka wa 1927, akaingia kazi kwenye viwanda vya mji uleule. Alikuwa bado hajafika miaka 32 wakati gari lake la kwanza kubwa kwa sifa, dogo kwa mwili, lilipotoka: Fiat 500 ya 1936, ambayo watu waliibatiza Topolino, jina la Kiitalia la yule panya Mickey. Moteri yake ilikuwa ya santimetre kibu 569 tu.

Kwa nini dogo namna hiyo? Sababu ni hesabu ya umaskini. Esansi ilikuwa ghali, kodi ilifuata nguvu ya moteri, mishahara ilikuwa midogo. Mmarekani aliweza kujenga gari kubwa kwa sababu alikuwa na kisima cha mafuta nyuma ya nyumba. Mwitalia alilazimika kufikiri kila santimetre. Giacosa aliisogeza moteri mbele kabisa, radiatere akaiweka nyuma yake, ili miguu ya watu ipate nafasi. Baada ya vita alitoa Fiat 600 mwaka wa 1955, moteri nyuma, watu wanne ndani. Halafu Nuova 500 tarehe 4 Julai 1957, yenye silinda mbili, inayopozwa na hewa, na urefu usiofika metre 3. Mwanzoni watu hawakuipenda: ilikuwa na nafasi mbili tu za kweli na vitu vingi vilikosekana. Ndani ya miezi michache Fiat ikairekebisha, na mpaka 1975 zaidi ya milioni 3 zikawa zimetengenezwa. Familia zilizokuwa zinatembea kwa baiskeli ao Vespa zikapanda gari kwenda baharini. Mwaka wa 1964 barabara kuu ya Milano mpaka Napoli ikakamilika, na 500 ndogo ikaijaza.

Mwaka huohuo wa 1964 njo lilitoka lile jambo la chini ya kapo. Waingereza walikuwa tayari wametengeneza Mini mwaka wa 1959, moteri ya kukingama, magurudumu ya mbele yanavuta. Lakini bwate ya vitesi waliiweka chini ya moteri, vyote vinaoga katika mafuta mamoja. Kuitengeneza ilikuwa shida, na mafuta yalichoka haraka. Giacosa akaiweka bwate kwenye ncha ya moteri, kila kimoja na mafuta yake, na shafti mbili zenye urefu tofauti zinakwenda kwenye magurudumu. Wakubwa wa Fiat waliogopa, wakaliweka wazo hilo kwanza ndani ya gari la jina dogo, Autobianchi Primula: likishindwa, aibu iwe ya mwingine. Halikushindwa. Mwaka wa 1969 likaingia ndani ya Fiat 128, na kutoka hapo watengenezaji karibu wote wa magari madogo duniani wakafuata. Ile taksi yako ya asubuhi ni mmoja wa wajukuu.

Lakini Giacosa peke yake hangetosha. Torino ilikuwa na jeshi lingine, lile la mafundi wa tole. Battista Farina, aliyeitwa Pinin maana yake mdogo, aliingia karakana ya kaka yake akiwa bado mtoto. Hakupitia chuo kikuu. Mwaka wa 1930 akafungua nyumba yake, na mikono iliyojifunza kukunja tole kwa nyundo ikawa inachora magari ya Ferrari, ya Lancia, na ya Peugeot: 404 ya mwaka wa 1960, halafu 504 ya 1968 iliyochorwa pamoja na Wafaransa wenyewe. Giorgetto Giugiaro, aliyesomea uchoraji na kuanza kazi Fiat akiwa kijana mdogo sana, alichora Volkswagen Golf ya kwanza ya mwaka wa 1974 na Fiat Panda ya 1980, ile yenye vioo bapa ili bei ishuke. Ferruccio Lamborghini yeye alitoka kwenye trakta alizounda baada ya vita kwa vyuma vya jeshi, akaingia kwenye magari mwaka wa 1963. Na Enzo Ferrari, ambaye hakusomea uinjeniere, chuo kikuu cha Bologna kilimpa diplome ya heshima ya injeniere mwaka wa 1960.

Nasema haya kwa sababu sisi kwetu tuna tabia ya kutenganisha: msomi ofisini, fundi garajini, na wakikutana mmoja anamdharau mwenzake. Kule, gari zuri lilitoka pale wawili hao walipokaa meza moja. Injeniere alijua kwa nini tole itavunjika. Fundi alijua itavunjika wapi.

4. Nyumba zote chini ya paa moja

Basi ilikuwaje wakaanguka?

Kwanza, nyumba zilianza kumezwa moja moja. Lancia ilitengeneza magari mazuri kupita feza yake. Aurelia ya mwaka wa 1950 ilikuwa gari la kwanza la kuuzwa kwa wingi lenye moteri ya silinda 6 zilizopangwa kwa umbo la V. Lakini kila gari zuri liliongeza deni, na mwaka wa 1969 Fiat ikaichukua. Mwaka uleule Fiat ikanunua nusu ya Ferrari. Abarth ikafuata 1971. Alfa Romeo ilikuwa mali ya serikali tangu miaka ya 1930. Mwaka wa 1986 serikali ikaiuza. Ford walikuwa wanaitaka, lakini ikapewa Fiat, ili ibaki nyumbani. Maserati nayo ikaingia 1993.

Watu walifurahi: sasa tuko wamoja. Lakini kumbukeni ule mnyororo wa mwanzo. Fundi aliyekasirika zamani alivuka barabara. Sasa angevuka kwenda wapi, kama kila upande wa barabara ni wa bwana mmoja? Ushindani uliowafanya Jano na Lancia kutafuta njia mpya ukapoa.

Pili, jina liliharibika kwa kutu. Mwaka wa 1972 serikali ilianza kutengeneza Alfasud huko Pomigliano d'Arco, karibu na Napoli, ili vijana wa kusini wapate kazi kwao badala ya kupanda treni kwenda Torino kama mamia ya maelfu waliowatangulia. Gari lilikuwa zuri sana kuendesha, lakini migomo ilikuwa mingi na tole ilishika kutu upesi. Lancia Beta nayo ilishika kutu, mpaka Uingereza mwaka wa 1980 kampuni ikalazimika kuyanunua tena magari kutoka kwa wateja. Miaka 14 baadaye Lancia ikaondoka kabisa kwenye soko lile. Jina linajengwa kwa miaka 60, mvua chache zinalivunja.

Tatu, amani ndani ya kiwanda ilikatika. Mwaka wa 1980 Fiat ilitangaza kuwaondoa wafanyakazi zaidi ya elfu 14. Mgomo ukadumu siku 35. Tarehe 14 Oktoba, wakubwa wa vikundi na watu wa ofisi, wanaohesabiwa kuwa elfu 40, wakaandamana Torino wakitaka kazi irudi. Mgomo ukaanguka. Wafanyakazi zaidi ya elfu 20 wakabaki nyumbani wakilipwa posho ya serikali, wengi hawakurudi tena. Ona vizuri nani aliandamana dhidi ya nani: watu wa ofisi upande huu, watu wa nyundo upande ule. Ile meza moja ilikuwa imevunjika.

5. Siku waliyouza akili

Sasa tufike kwenye mazutu. Zamani moteri ya mazutu ilikuwa na pompa inayopeleka mazutu kwa kila silinda kwa zamu, presha ikipanda na kushuka pamoja na mwendo wa moteri. Njo maana ilipiga kelele na kutoa moshi mweusi. Wazo jipya lilikuwa hili: pompa ijaze mrija mmoja wa pamoja kwa presha kubwa wakati wote, halafu kila silinda iwe na mdomo wake unaofunguliwa na umeme, kwa dakika sahihi na kwa kipimo sahihi. Unaweza kupuliza tone kidogo kwanza, halafu mengi. Moto unaanza pole, kelele inapungua.

Wazo lilikuwa limezunguka nchi mbalimbali, na Wajapani walilifikisha kwenye lori mapema. Kwa gari dogo, waliolikomaza ni watafiti wa Fiat na wa Magneti Marelli, na sehemu kubwa ya kazi ilifanyika karibu na Bari, kusini mwa Italia. Ilibaki hatua ya mwisho: kulitengeneza kwa mamilioni, kwa bei nzuri. Hatua hiyo inakula feza nyingi, na Fiat wakati ule ilikuwa na matatizo. Mwaka wa 1994 ikauza haki zake kwa Bosch ya Ujerumani. Mwaka wa 1997 Alfa Romeo 156 ikawa gari dogo la kwanza kuuzwa na mfumo huo, lakini muda mfupi tu baadaye Mercedes nayo ilikuwa nao. Leo karibu moteri zote mpya za mazutu zinatumia njia hiyo, na nyingi zina vyombo vya Bosch ndani yake.

Nyumba iliyoanza mwaka wa 1899 kwa kununua ujuzi wa Ceirano, miaka 95 baadaye iliuza ujuzi wake. Sitaki kuwahukumu. Mwenye deni hachagui. Lakini Ceirano na Bosch wanatufundisha somo lilelile kutoka pande mbili: mwenye wazo anaanza, mwenye uwezo wa kulifikisha mwisho ndiye anayekula.

6. Leo wako wapi?

Lamborghini iko mikononi mwa Audi ya Ujerumani tangu 1998. Nyumba ya Giugiaro ilinunuliwa na kundi la Volkswagen mwaka wa 2010. Pininfarina ilikwenda kwa Mahindra ya India. Magneti Marelli iliuzwa 2019 kwa kampuni ya Japani. Ferrari ilitengwa na Fiat na kuuzwa hisa New York mwaka wa 2015, nayo inaendelea vizuri. Fiat yenyewe iliungana na Chrysler ya Marekani, halafu mwaka wa 2021 ikaingia na Peugeot katika kundi la Stellantis, lenye makao yake ya kisheria Uholanzi. Fiat 500 mpya ya mwaka wa 2007, ile iliyorudisha kumbukumbu ya Giacosa, ilitengenezwa Tychy, Poland.

Lakini hawakuisha. Modena, Maranello na Sant'Agata bado zinatengeneza magari ambayo dunia inayatamani, na wenye feza wa nje wameacha karakana zibaki palepale. Sababu? Ujuzi wa mikono ya mji mzima haubebeki ndani ya kontena. Unaweza kununua jina, mchoro na mashine, lakini wale mafundi, shule zao na majirani zao utawakuta kwao tu.

Wandugu, kwetu tuna vyuo vinavyotoa mainjeniere kila mwaka, na tuna garaji ambazo vijana wake wanafufua moteri zilizotupwa na wazungu, bila kitabu, kwa kusikiliza mlio tu. Torino ilianza na vitu vinavyofanana na hivyo: shule moja, mafundi wengi, na mji uliopoteza feza ya serikali. Tofauti ni kwamba kule mhitimu aliingia karakana na hakutoka mpaka gari litembee.

Kwa hiyo naacha swali kwenu, na mnijibu kwa mifano, msinijibu kwa siasa: katika muji wako, ni garaji gani ao karakana gani ambamo mwenye diplome na mwenye nyundo wanafanya kazi pamoja kila siku? Tutaje moja moja, tujue tuko na ngapi.